Kwa nini mdadisi wa takwimu za afya huuliza habari za dada yako aliyefariki?

Kati ya Februari na Julai 2022, wadadisi wa utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto walihoji wanawake 15,254 wa miaka 15 hadi 49, Tanzania Bara na Zanzibar. Waliuliza mambo ya kliniki, chandarua, chanjo na uzazi wa mpango. Kisha walikuja na swali ambalo mtu hakai akilitegemea: mama yako mzazi alizaa watoto wangapi? Wataje mmoja mmoja, tangu kifungua mimba hadi kitinda mimba. Nani yu hai, nani ametangulia mbele ya haki?

Dada akitajwa kuwa amefariki, maswali yanaendelea taratibu. Alikuwa na umri gani? Ni miaka mingapi imepita? Alikuwa mjamzito? Alifariki akijifungua, au muda mfupi baadaye? Majibu hayo ndiyo yanayozaa ile namba inayosomwa bungeni na kuandikwa magazetini: vifo vya wajawazito na wanawake waliotoka kujifungua kwa kila vizazi hai 100,000, yaani watoto 100,000 waliozaliwa wakiwa hai.

Kwa nini kuzunguka hivyo? Sababu ya kwanza iko wazi, nayo inauma: aliyefariki hawezi kuhojiwa. Ya pili ni ya hesabu. Kifo cha mama, pamoja na uzito wake wote, ni tukio la nadra kitakwimu. Kwa kiwango cha 104 kilichotangazwa baada ya utafiti wa 2022, ukifuatilia vizazi 15,000 utakutana na vifo kama 16 tu. Huwezi kusema lolote la uhakika kuhusu nchi nzima kwa vifo 16. Lakini mwanamke mmoja akieleza habari za dada zake wanne, umepata maisha ya watu wanne kwa mahojiano ya nyumba moja. Mbinu hii ilibuniwa na wataalamu wa takwimu mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa ajili ya nchi ambako vifo vingi haviandikishwi.

Mtu atauliza, na vitabu vya MTUHA, ule mfumo wa serikali wa kuandika taarifa za vituo vya afya, je? Kweli, kila zahanati na hospitali huandika, na ripoti hupanda hadi wilayani na wizarani. Ila kitabu cha wodi kinamjua aliyefika wodini. Aliyefia njiani juu ya bodaboda, au nyumbani kabla ya gari kupatikana, anaweza asionekane humo kabisa. Dada yake anamjua.

Hapa Kiswahili chenyewe huleta kazi. Kwetu dada ni pia mtoto wa mama mkubwa, wa mama mdogo, wa baba mwenye wake wawili. Wote wakihesabiwa, marehemu mmoja atatajwa katika nyumba nyingi na hesabu itaharibika. Ndiyo maana mdadisi hukazania waliozaliwa na mama yako mzazi, ndugu wa tumbo moja.

Jambo jingine ni kwamba kumbukumbu hizi hurudi nyuma miaka mingi. Namba ikitangazwa leo, inasimulia zaidi miaka iliyokwisha pita kuliko mwaka wa utafiti. Pia ina upana: ile ya 2015-16 ilikuwa 556, lakini wataalamu walieleza kwamba ukweli ungeweza kuwa popote kati ya 446 na 666. Kushuka kutoka 556 hadi 104 ni habari ya kushukuru, na inaendana na ongezeko la wanaojifungulia kwenye vituo vya afya, kutoka asilimia 63 hadi 81. Hata hivyo, kwa maoni yangu, ni bora kuusoma mwelekeo kuliko kuishikilia tarakimu ya mwisho.

Na wapo wasiofikiwa na mbinu hii. Familia ambayo haikubakiza dada yeyote wa umri wa kuhojiwa haina wa kuisimulia. Na binti aliyefariki mimba ikiwa changa, bila kumwambia mtu, hutajwa na dada yake vizuri, jina na umri, na swali la ujauzito hujibiwa kwa moyo mweupe: hapana.