Ruba hachagui damu chafu

Ule ujumbe umerudi tena kwenye magrupu: eti ruba hunyonya "damu chafu" tu, na ile nyeusi inayotoka ndiyo sumu. Sivyo. Ruba hunyonya damu yoyote anayoikuta. Weusi ule ni wa damu iliyopungukiwa oksijeni, kama ile ya vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni. Tazama bomba la sindano ukitolewa damu ya kupimwa, rangi ni ileile. Kidonda huvuja kwa saa nyingi kwa sababu mate ya ruba yana hirudini, protini inayozuia thrombini (kimeng'enya cha damu) isigandishe damu. Kwa kuiga hirudini ndipo ilipotengenezwa bivalirudini, dawa ya hospitalini ya kuzuia damu kuganda. Viambato vingine vya mate hayo bado vinachunguzwa maabara. Tafadhali usiusambaze ujumbe huo, hasa kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda: huyo akiumwa na ruba, damu huenda isikome upesi.