Anga jeusi si usiku: kwa nini picha nyingi za anga za juu hazina nyota

Kila zinapotolewa picha mpya kutoka anga za juu, kitengo chetu cha kukagua picha hupokea swali lilelile: nyota ziko wapi? Siku hizi swali limegeuka kuwa shutuma kwamba picha hizo ni za kughushi, na barua zimekuwa nyingi kiasi kwamba tumeona tujibu hadharani badala ya kumjibu kila mtu peke yake. Tunaamini wengi wanauliza kwa nia njema.

Jibu liko kwenye shata, yaani kilango cha kamera kinachofunguka kuingiza mwanga. Julai 1969, wanaanga wa Apollo 11, safari ya Marekani iliyotua Mwezini, walipiga picha huko kwenye ardhi inayomulikwa na Jua moja kwa moja, bila wingu wala hewa ya kulipunguza makali, wakiwa wamevaa suti nyeupe. Katika mwanga kama huo shata hufunguliwa kwa takriban 1/250 ya sekunde, ikizidi hapo picha inaharibika. Nyota hazitoshi kuacha alama kwa muda huo. Zinahitaji sekunde kadhaa, na sekunde 10 tu ni mara 2,500 ya muda ule.

Hapa ndipo tunapoandikiwa kwa ukali: "Mwezini hakuna hewa, basi nyota zing'ae zaidi!" Kukosekana kwa hewa hufanya anga liwe jeusi, lakini hakuzimi Jua. Safari zote 6 za Apollo zilizotua Mwezini zilitua asubuhi ya huko. Ilikuwa mchana, jamani, mchana wenye anga jeusi. Hili tumelieleza mara nyingi, na tunaomba sasa lizingatiwe. Hata macho yalishindwa: Neil Armstrong, mwanaanga wa Apollo 11, alieleza baada ya safari kwamba akiwa Mwezini hakuweza kuona nyota kwa macho bila msaada wa lenzi.

Wageni wetu huwa namsimamisha mmoja wao chini ya taa, usiku usio na mawingu, nikampiga picha ya kawaida. Uso unatoka vizuri, hata vifungo vya shati vinahesabika, na nyuma yake ni weusi mtupu. Kisha naweka kamera kwenye stendi, shata sekunde 10. Nyota zinajitokeza, ila mgeni mwenyewe amekuwa doa jeupe lisilo na macho wala pua. Sijawahi kulazimika kueleza zaidi baada ya hapo.

Nyota zimepigwa picha kutoka Mwezini, na ni vizuri watu wakalijua hili. Aprili 1972, Apollo 16 ilibeba kamera ya mwanga wa urujuanimno, ule usioonekana kwa macho, iliyobuniwa na George Carruthers. Iliwekwa kwenye kivuli cha chombo, juu ya stendi, ikaachwa ikusanye mwanga kwa utulivu. Filamu ilirudi na nyota, na kamera yenyewe ingali kulekule.

Hatusemi kila picha inayosambaa ni halali. Anayetaka tuikague moja alete faili halisi. Picha ya skrini haifai, na iliyopitia programu za kutumiana ujumbe mara nyingi imeshapoteza taarifa za shata na lenzi. Aandike pia taasisi iliyoitoa na namba yake kamili. Mfano, katika AS11-40-5903, AS11 ni Apollo 11, 40 ni kasha la filamu, na 5903 ni fremu. Ukikosea tarakimu moja tutakagua picha nyingine kabisa.

Kwa wanaoleta kazi kwenye maonyesho yetu: ukiunganisha picha mbili, moja ya mtu aliyemulikwa vizuri na nyingine ya nyota, taja hivyo kwenye fomu na uandike muda wa shata wa kila moja. Picha iliyoongezwa nyota bila kutajwa huondolewa, na mwenyewe hatapokelewa kwa miezi 12. Inatusikitisha kwamba picha za namna hiyo ndizo watu hutuletea kama mfano wa picha "ya kweli", ilhali mwanaanga anayeng'aa mchana mbele ya maelfu ya nyota ndiye wa kutiliwa shaka kwanza.

Maombi ya ukaguzi yasiyo na namba ya picha hayatupwi. Huwekwa kando hadi mwombaji ayakamilishe.