Kipasha Joto cha Mkononi Usiku wa Kilele: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Saa tano usiku katika kambi ya Barafu, kwenye kimo cha takribani mita 4,670, wapandaji wa Kilimanjaro huamshwa kwa chai na biskuti ili saa sita waanze safari ya kilele. Hapo ndipo vipasha joto vya mkononi hutolewa mifukoni, na hapo pia ndipo inapobainika kwamba wengi wamevinunua kwa kusoma namba kubwa iliyoandikwa juu ya pakiti, bila kujiuliza kifaa hicho kinakula nini ili kitoe joto. Mlima huu uko nyuzi tatu tu kusini mwa Ikweta, jambo linalowafanya baadhi ya watu, hata wa Moshi wenyewe, kuidharau baridi yake; lakini kileleni, mita 5,895, kabla ya jua kuchomoza, kipimajoto hushuka mara nyingi hadi nyuzi 10 chini ya sifuri au zaidi, na upepo huongeza makali.

Vipasha vinavyotumika zaidi ni pakiti za kutumia mara moja. Ndani yake mna unga wa chuma, maji kidogo, chumvi, mkaa laini na madini ya kutunza unyevu. Ukichana nailoni ya nje, hewa hupenya kitambaa na chuma huanza kushika kutu, na kutu hiyo, ambayo kwa jembe lililosahauliwa shambani huchukua masika nzima, hapa huharakishwa kiasi kwamba joto lake linasikika mkononi. Dhana iliyozoeleka ni kwamba joto hutokana na kutikisa. Kwa hiyo mtu huitikisa pakiti kwa nguvu, huisokomeza ndani ya glavu iliyobana, na baada ya dakika kumi hulalamika kwamba ameuziwa feki. Kutikisa husaidia kuchanganya unga ulioshikamana, lakini chakula cha pakiti ni oksijeni, na glavu iliyobana inainyima chakula hicho kabla haijapata moto.

Kosa hilo huwa kubwa zaidi mlimani. Ahadi kama “nyuzi 57 kwa saa 10” inahusu pakiti inayopata hewa ya kutosha, ilhali kileleni kila pumzi ina karibu nusu tu ya oksijeni ambayo mtu angeivuta akiwa Tanga au Mombasa. Linalomfanya mpandaji ahangaike kupumua ndilo linaloifanya pakiti ipoe. Dawa yake si kununua pakiti yenye namba kubwa zaidi, bali ni kuifungua mapema, wakati wa ile chai, kuiacha wazi dakika 20 hadi 30 hadi ipate moto, na ndipo kuiingiza kwenye glavu yenye nafasi.

Niliwahi kukaribia kuitupa pakiti yangu kwenye mfuko wa taka chini kidogo ya Stella Point, kituo cha ukingoni mwa kreta karibu na kilele, nikiamini imekwisha, mwongozaji aliponishika mkono na kuniambia, “Usiitupe, kaka, bado laini hiyo.” Aliibonyeza kwa kidole gumba, ikabonyea kama mfuko wa sembe, kisha akaitoa nje ya glavu na kuikinga dhidi ya upepo kwa kiganja, na baada ya dakika chache ikaanza tena kutoa joto. Tangu hapo hicho ndicho kipimo changu: pakiti iliyopoa lakini ingali laini ina njaa ya hewa, na iliyogeuka ngumu kama tofali ndiyo iliyokwisha. Kwa mantiki hiyo hiyo, pakiti ambayo haijamaliza kazi inaweza kufungiwa ndani ya mfuko usiopitisha hewa ikatumika tena baadaye, ingawa imeandikwa ya mara moja.

Wengine hununua pakiti za miguuni na kuzitumia mikononi, wakiona ni kitu kimoja chenye umbo tofauti. Hazifanani. Ya miguuni imetengenezwa ifanye kazi katika hewa kidogo ya ndani ya buti, na ikiwekwa wazi inaweza kuwa ya moto kupita kiasi.

Lakini dhana ninayoiona kuwa na madhara zaidi ni ile ya kuamini kwamba kipasha ndicho kinachoupa mkono joto. Mkono hupashwa na damu, na kiwiliwili kikipoa mwili hubana mishipa ya vidole ili kuokoa joto la ndani, hivyo mtu aliyevaa jaketi jepesi anaweza kushika vipasha viwili na vidole vyake vikaendelea kufa ganzi. Nikilazimika kuchagua, pesa ya kwanza naiweka kwenye kofia, jaketi na glavu za mfuko mmoja, zile ambazo vidole vinne hukaa pamoja na gumba peke yake. Hata mahali pa kukiweka hukosewa: kwenye kiganja kinazuia kushika fimbo, wakati mgongoni mwa mkono au upande wa ndani wa kifundo, ambako damu hupita karibu na ngozi, kinafanya kazi bila kusumbua.

Vipasha vya umeme vinasifiwa siku hizi kuwa vimemaliza tatizo. Hapa hesabu ndogo inatosha. Betri ya miliampia-saa 5,000 yenye volti 3.7 ina wati-saa 18.5, ikitoa wati 5 itaisha ndani ya saa tatu na dakika arobaini hivi, na ikitakiwa kudumu tangu saa sita usiku hadi jua linapochomoza, kwenye saa kumi na mbili na nusu, haiwezi kutoa hata wati 3. Anayekuuzia kifaa hicho akisema kina moto mkali na kinadumu saa kumi na mbili anauza mambo mawili yasiyokaa pamoja. Zaidi ya hayo, baridi hupunguza uwezo wa betri za lithiamu, na kuzichaji zikiwa chini ya nyuzi sifuri huziharibu, kwa hiyo zilale nawe ndani ya begi la kulalia. Kwenye ndege, vile vinavyotumika pia kama power bank hubebwa kwenye begi la mkononi.

Vile vya maji mazito ya asetati ya sodiamu, vinavyoganda ukibonyeza kisahani cha chuma, hudhaniwa kuwa bora kwa kuwa havitupwi. Ni kweli havitupwi, lakini joto lao hudumu chini ya saa moja kwa kawaida, na kuvirejesha kunahitaji kuvichemsha, yaani gesi iliyobebwa na mgumu (mpagazi wa mlimani) mgongoni. Vinamfaa mlinzi wa usiku kwenye baridi ya Makete, mkoani Njombe, mwenye jiko karibu. Vya mafuta, ambavyo Mjapani Niichi Matoba alivibuni mwaka 1923, havina mwali wa moto kama wengi wanavyohofia, kwani mvuke wa mafuta huungua taratibu juu ya platinamu. Ila navyo hula oksijeni, havifai ndani ya hema lililofungwa, na mafuta yake hayaruhusiwi kwenye ndege.

Hatimaye ngozi. Kidole kilichokufa ganzi hakisikii kinapoungua, na mwenye kisukari anaweza asisikie hata kwenye baridi ya kawaida, kwa hiyo kitambaa kikae kati ya kipasha na ngozi. Kidole kikiwa cheupe, kigumu na hakihisi chochote, kipasha kiwekwe kando, kidole kikingwe kwapani, kisisuguliwe, na safari ya kilele ikome hapo, kwa sababu tiba yake ni maji ya nyuzi 37 hadi 39 mahali ambapo hakitaganda tena, na mahali hapo pako chini.