Zebaki iliyoenda hewani ni ya nani? Maana ya kufuatilia uchafuzi kupitia biashara

Tukiongelea zebaki hewani wengi tunaangalia pale moshi unapotokea tu, nchi fulani imetoa tani kadhaa basi inaandikiwa yenyewe. Hiyo ni hesabu ya mzalishaji. Kuna nyingine inaitwa hesabu ya mlaji, hii inauliza kile kitu kilichofanya moshi utoke kimeishia kwa nani, unakifuata kutoka mkono hadi mkono mpaka kwa mnunuzi wa mwisho, halafu zebaki yote iliyotoka njiani unamwandikia yeye, hata kama kwao hakikuchomwa chochote.

Chukua dhahabu ya wachimbaji wadogo, mfano Geita. Mawe yanasagwa kwenye karasha, mchanga unaoshwa, inatiwa zebaki inakamata vile vichembe vya dhahabu, unakamua kwenye kitambaa unabaki na kidonge cheupe. Karibu nusu ya kile kidonge ni zebaki. Kikichomwa kwenye moto wa wazi inapaa yote, yaani ukipata gramu 10 za dhahabu jua gramu kama 10 za zebaki zimeenda hewani, na wa kwanza kuivuta ni anayechoma na mtoto aliyesimama pembeni. Broka ananunua, inafika soko la madini, inapanda ndege kwenda Dubai kusafishwa, sonara India anatengeneza bangili. Hesabu ya kwanza inasema hizo gramu 10 ni za Tanzania, ya pili inasema ni za aliyevaa bangili.

Na sio jambo dogo. UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ilikadiria mwaka 2015 shughuli za binadamu zilirusha hewani tani kama 2,220, asilimia 38 hivi ni uchimbaji mdogo wa dhahabu, makaa ya mawe asilimia 21.

Wataalamu hawafuati bangili moja moja, wanatumia majedwali aliyoyabuni Wassily Leontief (alipata Nobel ya uchumi 1973) yanayoonyesha kila sekta inanunua nini na kwa nani. China wamefanya jimbo kwa jimbo, ikaonekana Inner Mongolia na Shanxi wanachoma makaa ya mawe wakati umeme na bidhaa vingi vinaenda Beijing, Shanghai na pwani kwenye hela.

Shida inakuja kwenye dhahabu. Jedwali la taifa linaweka uchimbaji wote kapu moja, mgodi mkubwa unaotumia kemikali ya sianidi bila zebaki na mchimbaji wa karasha wanahesabiwa sawa, kwa hiyo aliyenunua dhahabu ya mgodi mkubwa anabebeshwa zebaki isiyomhusu na aliyenunua ya karasha anapunguziwa. Ile ya magendo haimo kabisa. Ukitaka ukweli lazima uanzie kwenye risiti za broka huko machimboni.

Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki ulioanza kutumika 2017, unataka nchi zenye uchimbaji huu mwingi ziwe na mpango wa kuondoa uchomaji wa wazi. Sawa kabisa, ila hapo anaguswa anayechoma tu. Kwangu mimi hesabu ya mlaji inampa mchimbaji haki ya kumwambia mnunuzi achangie retoti, kile chombo kilichofungwa kinachopooza mvuke zebaki ikarudi kuwa kimiminika, ukaitumia tena.