Kutoka uwakili hadi uongozi wa jimbo na wa taifa: maana ya njia hii katika shirikisho

Katika nchi yenye muundo wa shirikisho, kama Marekani, wakili anayekuwa kiongozi wa jimbo na hatimaye wa taifa hupita njia ambayo kila hatua humpa mtaji wa hatua inayofuata. Uwakili humpa wateja, jina na uzoefu wa kujenga hoja. Jimbo humpa wafuasi na kura. Na serikali kuu hulazimika kumsikiliza kwa sababu ya uzito wa jimbo lililo nyuma yake. Martin Van Buren wa New York, rais wa nane wa Marekani, anaieleza njia hiyo vizuri kuliko wengi, kwa kuwa hakuwa shujaa wa vita wala mtoto wa tajiri.

Alizaliwa mwaka 1782 katika kijiji cha Kinderhook, kwenye familia iliyozungumza Kiholanzi, na baba yake aliendesha nyumba ya wageni. Hakusoma chuo kikuu. Akiwa kijana wa miaka 14 hivi aliingia katika ofisi ya wakili mmoja wa hapo kijijini, akawa anafagia sakafu na kunakili hati kwa mkono huku akijisomea sheria, kama walivyojifunza mawakili wengi wa enzi hiyo. Mwaka 1803 aliruhusiwa kufanya kazi ya uwakili. Baadhi ya kesi zilizomjengea jina zilihusu ardhi, ambapo aliwatetea wapangaji na wakulima wadogo dhidi ya madai ya familia ya Livingston, iliyomiliki maeneo makubwa katika bonde la mto Hudson; na mtu aliyeokolewa shamba lake hamsahau wakili wake siku ya uchaguzi.

Mwaka 1812 alichaguliwa kuingia Seneti ya jimbo, na mwaka 1815 akawa Mwanasheria Mkuu wa New York. Kazi yake kubwa zaidi, hata hivyo, haikuwa na cheo rasmi. Aliongoza kundi la viongozi wa chama lililojulikana kama Albany Regency, ambalo lilijadiliana faraghani, likasimama na kauli moja hadharani, likatumia gazeti kueneza msimamo wake na kugawa nafasi za kazi serikalini kwa waliokuwa watiifu. Wapinzani waliuona utaratibu huo kuwa upendeleo mtupu, na hawakukosea sana, ingawa ndio uliowafundisha wanasiasa wa Marekani nidhamu ya chama.

Hapa ndipo muundo wa shirikisho unapofanya kazi yake. Hadi mwaka 1913, maseneta wa Marekani walichaguliwa na mabunge ya majimbo, hivyo aliyelishika bunge la jimbo alikuwa na ufunguo wa Seneti ya taifa. Bunge la New York lilimpeleka Van Buren Washington mwaka 1821, na huko akaisaidia kambi ya Andrew Jackson kupata ushindi katika uchaguzi wa rais wa mwaka 1828. Mwaka huohuo alichaguliwa gavana, akaapishwa Januari 1829 na kujiuzulu Machi ili awe Waziri wa Mambo ya Nje wa Jackson. Kwa kweli ugavana wake ulikuwa kituo cha kubadilishia gari. Alikuwa makamu wa rais kuanzia mwaka 1833, kisha rais kuanzia Machi 1837.

Mtaji huo pia huisha. Mei 1837 mabenki ya New York yalisitisha kubadilisha noti kwa dhahabu na fedha, uchumi ukaanguka, na mwaka 1840 Van Buren alishindwa na William Henry Harrison hata katika jimbo lake mwenyewe. Alipogombea tena mwaka 1848 kupitia chama cha Free Soil, kilichopinga kuenezwa kwa utumwa katika maeneo mapya, hakushinda jimbo lolote, lakini New York ilimweka nafasi ya pili, mbele ya mgombea wa chama cha Democratic alichokuwa amekijenga mwenyewe.