Ukilipa nusu kodi na mwenye nyumba akaipokea, ile nusu nyingine imeenda wapi?

Kazi yangu kubwa ni migogoro ya wapangaji na wenye nyumba, na kuna kisa kinajirudia mpaka kinaniuma. Mtu analipa nusu ya kodi, mwenye nyumba anapokea kimya kimya, miezi inapita, halafu siku wakigombana kwa jambo jingine kabisa, bomba linalovuja au mgeni aliyelala wiki mbili, ndio deni lote linafufuka kwa mkupuo.

Mama mmoja alikuja akanifungulia simu yake nisome meseji. Biashara yake ilikuwa imedorora, akamwandikia baba mwenye nyumba akamweleza hali, akajibiwa "leta ulichonacho, tutaongea". Basi, maneno matatu. Akapeleka nusu mwezi wa kwanza, wa pili, hadi wa tano, yeye anajua kodi imepunguzwa, mwenzake anajua anadai nusu tano, na niwaambie ukweli hakuna aliyekuwa anadanganya hapo, kila mtu alielewa hivyo kwa moyo safi kabisa.

Sasa kwenye nchi zinazofuata misingi ya sheria ya Uingereza kuna kanuni ya tangu mwaka 1602, kwenye kesi inayoitwa Pinnel, kwamba kupokea pungufu ya deni peke yake hakufuti kilichobaki. Yaani ukipokea nusu, hata ukitabasamu, hata ukisema asante, nusu iliyobaki bado ni deni. Wapangaji wengi hawalijui hili, ndio hapo wanakwama.

Ila haijaishia hapo. Kuna kesi inaitwa High Trees, ya mwaka 1947, nayo inahusu kodi hiyo hiyo. Kampuni ilipanga jengo la fleti London mwaka 1937 ikawa inapangisha watu wengine, kodi pauni 2,500 kwa mwaka, vita vikaja watu wakahama jiji, fleti zikabaki tupu, mwenye jengo mwaka 1940 akakubali kwa maandishi ipungue mpaka pauni 1,250. Kufika 1945 fleti zote zimejaa, kodi kamili ikadaiwa. Jaji Denning akasema kodi kamili inarudi kuanzia pale hali ilipokaa sawa, lakini kwa ile miaka ya vita mwenye jengo asingeweza kugeuka kudai tofauti, kwa sababu alitoa ahadi na mpangaji akaitegemea akaendesha mambo yake kwa ahadi hiyo.

Kwa hiyo swali zima ni je, kuna ahadi? Ndio maana niliisoma ile meseji mara tatu nne. "Tutaongea" haisemi nimepunguza, haisemi nimesamehe, inasema tu kuna maongezi yanakuja. Iliniuma kumwambia yule mama hivyo. Angejibiwa "lipa nusu mpaka biashara ikae sawa" ningekuwa na kitu cha kusimamia.

Kilichomsaidia ni kingine. Kila alipotuma hela aliandika kwenye maelezo "kodi ya mwezi wa nne", "kodi ya mwezi wa tano". Hiki kitu watu wanakidharau sana jamani. Mwenye deni zaidi ya moja akilipa bila kusema analipia lipi, kwa kawaida anayedai ndiye anachagua, kwa hiyo hela uliyotoa leo ukidhani ni ya mwezi huu inaweza kuingizwa kwenye deni la zamani na mwezi huu ukahesabiwa hujalipa kabisa. Hesabu zake zilikuwa wazi, hakuna mwezi hata mmoja ulioonekana hajalipa chochote.

Na wenye nyumba nao wanisikilize. Ukizoea kupokea nusu au kupokea tarehe 20 badala ya tarehe 1 miezi na miezi, mahakama nyingi hazitakuelewa ukiamka asubuhi moja ukataka mtu atoke kwa kuchelewa. Mpe notisi kwanza, umwambie kuanzia mwezi fulani nataka kamili na kwa tarehe yake. Kubadilisha kitasa mtu akiwa kazini usithubutu, deni lako la haki linageuka kesi dhidi yako.

Hawa wawili tuliwakalisha, wakakubaliana kodi kamili irudi mwezi unaofuata na zile nusu tano zilipwe kidogo kidogo juu ya kodi. Nikawaandikia ujumbe mmoja, kila mtu akautuma kwa mwenzake kwa simu yake mwenyewe: kiasi gani, kwa miezi ipi, kinachobaki kinasamehewa au kinasogezwa mbele, na mpango unaisha tarehe gani. Ulitosha kwenye skrini moja, na yule mama alipiga skrinshoti hapo hapo kabla hajainuka kwenye kiti.