Je, wajua kwa nini elimu ni bila malipo, lakini shule bado inaomba debe la mahindi?

Mwezi Mei, kwenye kikao cha wazazi wa shule moja ya msingi wilayani Chamwino, mkoani Dodoma, mama mmoja alisimama akauliza: "Mwalimu, si tuliambiwa elimu bure? Debe la mahindi la nini tena?" Nilimuunga mkono kwa moyo wote. Nilikuwa nimekosea.

Wengi tunaamini kwamba Januari 2016 serikali ya Tanzania ilibeba kila kitu. Sivyo. Kwanza, ada ya shule ya msingi ilishafutwa zamani, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 ulifuta michango ya lazima, pamoja na ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne: shilingi 20,000 kwa kutwa na 70,000 kwa bweni. Kidato cha tano na cha sita vilifuata 2022. Pili, na hapa ndipo nilipoteleza, mzazi aliachiwa sehemu yake: sare, madaftari, kalamu, matibabu, na chakula cha mtoto anayesoma kutwa. Anayelala bweni la serikali hulishwa na serikali. Wa kutwa hulishwa na nyumbani, hata akiwa shuleni tangu alfajiri mpaka alasiri.

Je, ruzuku, yaani fedha ambayo serikali huipa shule, haiwezi kununua uji? Tupige hesabu. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 hubaki serikalini kwa ajili ya vitabu, na 6,000 huenda shuleni. Gawanya kwa siku 194 za masomo: ni kama shilingi 31 kwa siku, na humo humo kuna chaki, karatasi za mitihani na ukarabati. Hata andazi hupati.

Tena fedha hiyo inafuata vichwa. Fikiria daladala. Likiwa na abiria kumi au thelathini, mafuta ya kutoka mjini hadi Chamwino hayapishani sana, ila nauli inayokusanywa inapishana mara tatu. Shule ya watoto 1,000 pale Dodoma mjini hupata kama 500,000 kwa mwezi, ya kijijini yenye watoto 200 hupata 100,000. Bati likiezuliwa na upepo, bei ya bati ni ile ile kwa wote wawili. Shule ndogo, ambayo mara nyingi ndiyo ya watoto wanaotembea mbali zaidi, haina pa kubana.

Mbona basi mahindi, na si fedha? Kwa sababu Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili. Mwezi Mei na Juni ghala lina kitu. Januari, shule zinapofunguliwa, nyumba nyingi zinahesabu vibaba. Debe linalowekwa stoo baada ya mavuno ndilo makande ya Januari.

Uji peke yake haufaulishi mtoto. Mwalimu na kitabu lazima viwepo. Lakini mtoto mwenye njaa hulala dawatini saa tano, hilo nimeliona kwa macho yangu.

Mvua nazo hukatika, na kuna nyumba isiyo na debe la kutoa. Mtoto wa nyumba hiyo harudishwi nyumbani, na hapaswi kunyimwa sahani. Yule mama aliuliza hilo pia, akajibiwa, kisha mwezi Juni akaleta debe la mtama. Mweka hazina wa kamati aliliandika kwenye kaunta buku: mtama, debe moja, limepokelewa.